Dawa ya Magugu Niliyoimimina kwenye Chupa ya Soda

Kasubi,
Kampala.
Jumapili, 4 Mei 2025

Mpendwa kaka Ondiek,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi yangu Nabwire na watoto wote hapo Ugunja. Mama anaendeleaje na mguu wake? Nilisikia siku hizi anafika mpaka zizini bila fimbo, nikashukuru sana. Mimi mwili wangu ni mzima. Huku mvua inanyesha karibu kila siku, na matope ya Kasubi unayajua mwenyewe.

Najua umenilaumu kwa kunyamaza tangu mwaka jana. Si kwamba niliwasahau. Kuna jambo lilinipata, na kila niliposhika simu nikupigie, niliiweka chini. Ndiyo maana naandika.

Nimepata ujumbe wako kwamba kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi, imeingia tena kwenye mahindi, na kwamba unataka dawa ya magugu kutoka maduka ya Kikuubo hapa mjini. Umesema nimimine nusu lita kwenye chupa yoyote, nimpe Wandera, yule kondakta, aje nayo kwenye basi. Kaka, dawa hiyo sitaituma. Nitakueleza sababu, na nakuomba usinikatize moyoni kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka nilikuwa nauza katika duka la pembejeo pale Kikuubo, la bwana mmoja anayeitwa Otim. Wateja wengi hawakuweza kununua lita nzima. Basi tulifungua madumu na kuwapimia kidogo kidogo kwenye chupa za maji na za soda. Nilijua haturuhusiwi. Nilifanya hivyo miaka minne.

Septemba iliyopita alikuja mama mmoja Mkongomani, Perpétue. Yeye na mumewe Katembo walikuwa wamekodi shamba kule Kakiri, nje ya mji, likavamiwa na nyasi za sangari. Katembo alilima kwa jembe siku kadhaa mpaka mgongo ukamshinda, wakaamua sehemu iliyobaki waichome majani kwa dawa kabla ya kupanda maharagwe. Nilimpimia ile kali, nyeusi nyeusi, kwenye chupa ya soda. Sikuandika kitu juu yake. Nilimwambia tu aichanganye na maji.

Kesho yake Perpétue aliiweka kwenye kapu pamoja na chakula, akaenda kwa jirani kuazima bomba la kunyunyizia. Katembo akaja kutoka juani na kiu. Akaiona chupa akadhani ni soda, akapiga funda moja, akatema, lakini kidogo kilikuwa kimeshashuka.

Siku ya tatu nilimwona Perpétue amesimama mbele ya kaunta. Nilidhani amekuja kunipiga. Akasema, "Mama, ile dawa jina yake ni nani? Munganga anauliza."

Kaka, hakunitukana. Alitaka jina tu, la kumpelekea daktari.

Nikaenda nyuma kubandua karatasi kwenye dumu. Otim akanishika mkono. "Ukipeleka hiyo hospitali, umelifunga duka hili na wewe mwenyewe umejifunga." Nikauvuta mkono wangu. Niliibandua, nikatoka na Perpétue tukapanda boda.

Daktari aliisoma, akaniita pembeni. Akasema nimefanya vyema kuileta, ila sumu ile haina dawa ya kuiondoa. Itamla figo, kisha mapafu.

Katembo alikuwa na akili timamu mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mdomo ulikuwa na vidonda, pumzi inakatika, lakini alinitazama akauliza, "Wewe ndiye wa duka?"

Nikasema, "Ni mimi."

Akavuta pumzi kwa shida. Kisha akasema, "Usiweke tena mu chupa ya soda." Alifariki siku ya tisa.

Niliandika maelezo polisi, sikuficha kitu. Duka lilifungwa, na kesi bado haijaisha, ninaitwa na ninakwenda. Sasa nauza nyanya hapa sokoni Kasubi.

Baada ya mazishi nilikwenda Kakiri na jembe langu. Nilimkuta Perpétue amekaa kando ya shamba. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Akainuka akaniongoza mpaka katikati, mahali udongo uliolimwa unapokutana na majani. Akasema, "Hapa ndipo alifikia."

Tukaanzia pale. Jumamosi nne tulilima mimi na yeye, tukichambua mizizi ya sangari kwa vidole, kwa sababu kipande kimoja kikibaki kinachipua tena. Maharagwe yalipotoa majani tukapalilia, na kabla ya maua tukarudia. Katikati ya mistari tulitandaza majani makavu kuzuia magugu ya kishona nguo. Januari alivuna.

Sasa kuhusu kayongo yako. Dawa ile ingechoma na mahindi. Ing'oe kwa mkono kabla haijatoa maua ya zambarau, uichome moto nje ya shamba. Usiwape ng'ombe, maana mbegu zake ni kama vumbi na zitarudi na samadi. Msimu ujao panda kwa kamba, mistari inyooke, na katikati uweke yale majani ya desmodiamu ambayo jirani yetu Oloo anayo. Kayongo haiyapendi. Wandera anakuletea mashine ndogo ya kupalilia, ya gurudumu moja, unaisukuma kwa mikono. Itaokoa mgongo wako. Na kama nyumbani kuna dawa yoyote ya shamba kwenye chupa ya soda, nakusihi uiweke leo mahali pa kufungwa kwa kufuli, uandike juu yake SUMU, kisha umuulize bwana kilimo namna ya kuiondoa.

Perpétue amepanda mahindi msimu huu. Mara zote nilikuwa najipeleka mwenyewe. Juzi simu yangu ililia asubuhi, ni yeye. Akasema, "Jumamosi tunapalilia. Kuja."

Nisalimie mama, umwambie nitakuja Desemba. Nisalimie wifi Nabwire, na Oloo na watu wa kwake. Mwombeeni Katembo apumzike. Mungu awalinde nyote, na mikono yenu na mnachokishika.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Aluoch