Mkebe wa Dagaa wa Fonsi

Alhamisi, 3 Mei 1984
Kliniki tena. Fonsi miezi tisa, kilo sita na nusu! Mwezi wa tatu huu mstari kwenye kadi umelala tu. Kukaa bado – mpaka Mama amchimbie kishimo mlangoni, amzungushie kanga. Nesi Hyasinta kanishushua mbele za watu: mwalimu mzima unamlisha mtoto maji ya muhogo? Nikamjibu mizani yenu mbovu! Dagaa nasaga mwenyewe, na karanga, namwachia Mama mkebe kila asubuhi, saa nne amkorogee kwenye uji. Nikirudi anasemaga kamaliza bakuli, kalamba na kijiko. Mama kalea saba, hajazika hata mmoja. Hyasinta kalea nini?

Jumapili, 6 Mei
Baada ya misa nimetwanga dagaa mpaka viganja vimechubuka. Sukari hakuna dukani, wiki ya sita. Sabuni ndiyo usiseme. Afadhali ziwa halijatunyima. Baba Fonsi katuma salamu kutoka kisiwa cha Rukuba, aliko na nyavu zake: mtoto anatembea? Anatembea, na kukaa bado! Nimelia jikoni. Mama kanibembeleza: kila mtoto na siku yake, mwanangu. Nikatulia.

Ijumaa, 11 Mei
Mungu wangu.
Chaki zimeisha, tumewarudisha wanafunzi saa nne. Napita nyuma ya jiko – Mama kachuchumaa, mkebe mkononi, anawamwagia kuku. Dagaa wa mwanangu! Nikapiga kelele, Mama! Hata hakushtuka. Kasema samaki humfunga mtoto ulimi. Akila kabla hajasema, atakuwa bubu. Tangu lini unawapa kuku? Tangu mwezi wa pili, ulipoanza mambo yako ya kliniki.
Miezi mitatu! Kila siku kaniangalia machoni: kamaliza bakuli, kalamba kijiko. Na mimi nimemtukana nesi wa watu kwa ajili yake. Kuku wamenona kweli. Nilikuwaga nawasifia.

Jumamosi, 12 Mei
Nimempikia mwenyewe. Fonsi kala mpaka jasho la pua. Mama kakaa kizingitini analia, eti namharibia mjukuu. Yeye ndiye analia! Nimemwambia ningejua ningekuachia kuku, siyo mtoto. Neno baya. Silirudishi.

Jumatatu, 14 Mei
Wa kumwachia sina. Mhoja jirani yuko shambani wiki nzima. Mwalimu mkuu kasema mtoto darasani hapana. Basi uji nimeupika alfajiri, dagaa wamo ndani, nimefunika bakuli mezani. Atawatoaje humo? Lakini kuumwaga anaweza.
Mama kasimama mlangoni, kanyoosha mikono, haniangalii. Fonsi kamwona, kacheka, akasema waziwazi: bibi. Neno lake la kwanza! Siyo mama. Bibi.
Mama kapiga kigelegele hicho! Kisha kanigeukia: umesikia? Angekula samaki angesema? Nikamwambia jana kala, juzi kala! Kasema hawajamkolea bado.
Kengele ya kwanza imelia. Nimemwambia Mama aape hataumwaga. Kasema yeye haapi kwa ajili ya uji.
Kengele ya pili. Naandika kwa mkono mmoja, nimesimama. Kwa mwingine nimemshika Fonsi, naye anajivuta aende kwa bibi yake, anajivuta kwa nguvu – sikujua ana nguvu hizo