Chumba Kikubwa cha Ester

Lushoto, Jumamosi, Julai

Ukungu haukuondoka leo. Hadi mchana ulikuwa bado umeikalia migomba ya jirani, na baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Naandika nimevaa sweta, na juu yake nimejifunika kitenge. Chakula kimenishinda.

Leo tulikwenda kuchagua rangi ya nyumba mpya.

Sebule, mahali pa kulia na jiko, vyote ni chumba kimoja kikubwa. Hakuna ukuta katikati. Watu walidhani tunaiga nyumba za mjini. Sivyo. Tuliijenga hivyo kwa ajili ya binti yetu Ester, aliyekuwa akitembelea kiti cha magurudumu. Nyumba hii tunayoishi ina milango myembamba. Nilipokuwa jikoni na baba yake, yeye alikuwa akibaki sebuleni na kupaza sauti, "Mama, mnacheka nini huko?" Baba yake akaapa kwamba nyumba mpya haitakuwa na "huko".

Ester alifariki wakati wa masika, kwa nimonia. Paa lilikuwa limeshaezekwa.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi nikaifuta. Leo naiacha.

Fundi rangi ni mtu wa Soni. Tangu kabla ya msiba alikuwa na kazi huko Korogwe, na hakuna aliyemwambia. Tulipofika alikuwa ameshapaka mabaka ya majaribio ukutani: krimu, kijani hafifu, na rangi ya chungwa. Akatueleza kwamba chumba kikubwa namna hii, na ukungu wetu huu, kinataka rangi nyeupenyeupe, la sivyo mchana kitakuwa kama jioni. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Chini ukutani tunapaka rangi ya mafuta kama ulivyosema, mzee? Ili alama za magurudumu zifutike kwa kitambaa?"

Fundi akatazama nyuma yetu, mlangoni.

"Na mwenyewe yuko wapi? Mlisema atachagua yeye."

Nilimwangalia Baba Ester. Alikuwa anatazama sakafu. Ikabidi niseme mimi.

"Ester tulimzika, fundi."

Maskini, aliweka brashi chini akavua kofia. "Poleni, mama. Poleni sana. Sikujua."

Angejuaje?

Hapo ndipo mume wangu alipozungumza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akasema rangi isubiri, aje mwashi kwanza. Anataka kuta. Akanyoosha mkono: mmoja hapa, mwingine pale. "Nafasi yote hii ya nini, Mama Ester? Ya nani?"

Nilikasirika. Kisha nikaona kidevu chake kinavyotetemeka, na hasira ikaniisha. Tangu mazishi yeye ndiye amekuwa akipokea wageni, akiwashukuru, akiwasindikiza mpaka barabarani. Mimi nililia, yeye akanishika. Leo alilia yeye, amesimama katikati ya chumba, na sauti yake ikafika kila pembe. Fundi akatoka nje taratibu.

Nilimshika mkono. Nikamwambia kuta sitaki. Hiki ndicho tulichomjengea mtoto wetu, hata kama hakuwahi kukikalia.

Aliitikia kwa kichwa tu.

Tukachagua krimu. Ester angechagua ile ya chungwa, najua, na asingekubali nyingine. Sikuweza hata kuitazama. Fundi aliporudi ndani akauliza kwa upole sana kuhusu sehemu ya chini.

"Rangi ya maji mpaka sakafuni," nikamjibu.

Ni maneno ya kawaida, mwenye nyumba yeyote huyasema. Mimi yalinichoma kuliko udongo tuliourusha juu ya jeneza. Siku ile ya maziko watu walinishika mikono wakanisogeza kaburini. Leo hakuna aliyenisogeza. Nimesema mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba magurudumu hayatapita pale.

Jumatatu fundi anaanza. Baba Ester amelala mapema, amegeukia ukutani.

Tukihamia, watu wa usharika watakuja kuibariki nyumba. Wataisifu, halafu mmoja wao atauliza kwa nini hatukuweka kuta. Jioni nzima nimekuwa nikijiuliza nani atamjibu. Baba Ester hataweza.

Nitajibu mimi. Nitamtaja Ester kwa jina.