Safu ya Kumi na Moja kutoka Chini

Durban, 11 Machi 2024

Mdogo wangu Estella,

Leo imetimia miaka ishirini na sita tangu nitoke Uvira. Niliihesabu asubuhi nikifungua lango. Habari za nyumbani? Mgongo wako je? Mimi goti hunisumbua kwenye ngazi, mengine ni mazima.

Shule ninayoitunza hapa Glenwood ilijengwa mwaka 1896, enzi za Malkia Viktoria: matofali mekundu, madirisha yaliyochongoka juu kama ya kanisa, mnara mdogo wa kengele, baraza yenye nguzo za chuma. Juzi wamebandua plasta ya zamani kwenye ukuta wa nyuma. Safu ya kumi na moja kutoka chini, tofali moja lina maneno: FERUZI FUNDI.

Estella, hicho ni Kiswahili! Nimesoma maktabani kwamba miaka ya 1870 Waingereza walishusha hapa watu waliookolewa kwenye meli za watumwa. Wakaja kuitwa Wazanzibari. Nadhani mmoja wao ndiye aliyelifyatua. Lakini kamati ya majengo inasema ni uchafu wa watoto, eti kwa Kizulu umfundi ni mwanafunzi. Wanataka kulifunika tena. Nimewaandikia kupinga.

Yaya wako,
Honoré

Uvira, 29 Machi 2024

Yaya Honoré, kaka yangu,

Amani kwako. Mgongo siku nyingine unanitii, siku nyingine unanidharau.

Umemsahau baba? Kila akifyatua matofali mia, la mwisho aliliandika jina lake kwa kijiti kabla halijakauka. Ukuta wa parokia mpaka leo unasema NIMBONA. Angalia kingo za hizo herufi, yaya. Kijiti kwenye udongo mbichi huinua ukingo laini. Msumari kwenye tofali lililochomwa humega. Pitisha kidole, kama alivyotufundisha.

Ila ukuta ni wao, wewe unaupigania wa nini? Rudi. Chumba chako nimekipaka chokaa.

Mdogo wako,
Estella

Uvira, 17 Juni 2024

Yaya,

Wiki kumi na moja kimya! Unaumwa? Wamekufukuza? Kama ni lile tofali, achana nalo. Hapa kuna la baba, utaligusa kila Jumapili ukitoka misa mpaka ulichoke. Niambie tu siku ya kuja.

Mdogo wako,
Estella

Durban, 8 Julai 2024

Mdogo wangu,

Pole kwa kukutia hofu. Ni mzima, na kazi bado ninayo. Nilinyamaza kwa hasira, nisije nikakumwagia wewe.

Nilipitisha kidole. Kingo ni laini kama za baba. Nikaenda kwenye kikao cha kamati nikawaambia herufi ziliandikwa tofali likiwa bichi, shule haijawa na hata mlango. Mwenyekiti akatabasamu. "Papa, eish, ni mtoto mtundu tu. Umfundi."

"Mama," nikamwambia, "mwaka ule shule hii ilikuwa ya Wazungu watupu, ikabaki hivyo karibu miaka mia. Huyo mwanafunzi wa kuandika Kizulu ukutani alipitia mlango gani?"

Mzee mmoja akasema, "Papa ndiye fundi wetu!" Kwa Kiingereza cha hapa fundi ni bingwa, basi wakacheka wote. Neno lenyewe wanalo mdomoni, lakini aliyeliandika hawamtaki!

Kitabu chao cha historia ya jengo kimetoka. Kinamtaja aliyechora ramani, aliyeagiza vigae ng'ambo, hata aliyetoa kengele. Waliofyatua matofali ni "vibarua", neno moja, ukurasa wa tisa.

Ijumaa wakapiga plasta. Wapigaji walipokwenda kunawa mikono, nikahesabu safu zilizobaki wazi pembeni mpaka ya kumi na moja, nikaokota kijiti. Plasta mbichi inaandikika vizuri, Estella. FERUZI FUNDI, palepale, herufi kubwa kuliko zake.

Jumatatu mwenyekiti akaniita. "Papa, nani kafanya hivi?"

"Mtoto mtundu tu, mama."

Nimepewa barua ya onyo. Wanasema watapakwangua. Wakipakwangua watalikuta andiko la kwanza chini yake, na mimi nitakuwa nimesimama hapo.

Jina la baba unalisoma wewe kila Jumapili. La Feruzi katika mji huu linasomwa na mtu mmoja. Hicho chumba mpe anayekihitaji. Sitarudi.

Yaya wako,
Honoré