Sarafu ya Liwali wa Uajemi

Bertrams, Johannesburg

Dada Mwanaisha,

Shikamoo. Kifua cha Baba kinaendeleaje? Anakubali kujifukiza, au bado anagombana na shuka? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Unaijua kazi yangu ya kufagia na kufuta makabati katika duka la sarafu za kale. Wiki iliyopita ililetwa sarafu moja ya fedha, ndogo kama kifungo, yenye sura ya liwali aliyetawala jimbo chini ya mfalme wa Uajemi, kabla Nabii Isa hajazaliwa. Mwanamume mwenye ndevu, kilemba kimemfunika mpaka kidevuni. Ilikuwa nyeusi ti. Mimi mtoto wa sonara ningeiachaje vile? Ijumaa baada ya sala nikanunua ukwaju kwa Msomali kule Mayfair. Kesho yake, mwenye duka akiwa ametoka, nikailoweka, nikaisugua kwa jivu laini kama Baba anavyosugua bangili za maharusi. Ikang'aa, dada! Nikaitandikia kitambaa, nikangoja sifa.

Mzee aliporudi hakupiga kelele. Aliketi, akaniambia polepole kwamba ule weusi ndio uliokuwa heshima ya sarafu. Ulichukua zaidi ya miaka elfu mbili, nami nimeuondoa asubuhi moja, pamoja na ndevu za liwali. Tena haikuwa yake, aliletewa aikague tu. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu hakuna, ni ujinga wangu mwenyewe.

Kazi imekwisha. Barua aliyoahidi kuniandikia ya kuombea kibali nayo imekwisha, na bila kibali nikivuka mpaka siruhusiwi kurudi. Ile safari ya kuja kumwona Baba siwezi tena kuiahidi. Naogopa, dada. Naogopa atatangulia kabla sijamshika mkono.

Mkongo ninayekaa naye chumba kimoja ananihurumia huku akinisuta: "Eish, ndugu, ile kitu ulisugua juu ya nini? Nani alikutuma?" Hakuna aliyenituma. Kimbelembele changu kimeniponza.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu mkunga, na wanao wote. Barua hii usimsomee Baba. Akiuliza habari za kazi, mwambie nilisafisha fedha ya liwali kwa njia yake, ikang'aa. Hapo hutakuwa umemdanganya.

Mdogo wako,
Hamisi