Udongo wa Nyuma ya Choo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Kile kifua kimepoa? Huku tunashukuru. Mama anakula vizuri, na bado anagombana na mlango wa jikoni kana kwamba ndio uliomkosea. Wifi hajambo, ila siku hizi haimbi akifua.

Mwaka unakwisha tangu uondoke na hujajibu hata mstari mmoja. Sikulaumu. Ulimzika binti yako Kijino huku majirani wakikubomolea choo, wakidai ndicho kilichotia uchafu kisimani na kuua watoto watatu, naye akiwemo.

Wiki iliyopita fundi bomba alichimba nyuma ya nyumba ya wageni, akakuta bomba la maji machafu limepasuka, linamwaga kuelekea kisimani. Mwenyekiti wa mtaa alisema labda limepasuka juzi. Fundi alimcheka, akamwambia kutu ile ni ya miaka.

Sasa niseme langu. Unakumbuka nilichota udongo nyuma ya choo chako, nikaupima kwenye maabara ninayofanya kazi. Vijidudu vya kinyesi vilijaa, nami kwa kiherehere changu nikamwambia mwenyekiti chanzo kimepatikana. Sikukwambia kwamba nilichota pia udongo wa kilimani, kusiko na choo, mtu wala mfugo. Majibu yake yalitoka asubuhi ya ule mkutano wa mtaa kuhusu vifo: vijidudu vilevile, tele. Bosi wangu alinieleza kwamba udongo wetu una joto na unyevu, kwa hiyo vijidudu hivyo huweza kuishi na kuzaana humo vyenyewe, bila kinyesi kipya. Kuvikuta nyuma ya choo chako hakukuthibitisha kitu.

Karatasi ya majibu hayo ilikuwa mkobani mwangu mkutanoni. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumeza maneno yangu mbele za watu. Nikanyamaza, nawe ukasimama ukasema umemuua mwanao.

Hukumuua, kaka. Na kwa kuwa tuliacha kutafuta, mtoto wa fundi cherehani alikufa mwezi uliofuata. Kifo hicho kiko shingoni mwangu.

Jumamosi nitaisoma karatasi mbele ya mtaa mzima. Mama bado hajui. Wifi nilimwambia jana. Aliendelea kukunja vigauni vya Kijino.

Mama anakusalimu sana. Wifi hakutuma salamu. Anauliza tu unarudi lini.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyamaza.