Kibuyu cha Baba na Chandarua cha Nangobi

Kijiji cha Nakabale,
Iganga, Uganda.
18 Januari 2015.

Mpendwa mdogo wangu Batambuze,

Salamu zikufikie huko Bergen kwenye mvua isiyokwisha. Hujambo? Mgongo umeacha kukusumbua? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi huku wazima buheri wa afya, na mzima kuliko wote ni mimi. Kaa kitako nikueleze.

Harusi ya binti yetu Kagoya ilikuwa Jumamosi tarehe kumi. Viazi vitamu na mchuzi wa karanga viliisha, wakwe wakapikiwa vingine, navyo vikaisha. Bwana harusi ni mtaratibu, ila anacheza ngoma kama anayekanyaga siafu. Tutamfundisha.

Lakini kubwa si hilo. Kubwa ni kwamba kibuyu cha baba kimelia.

Wewe unavijua vile vibuyu vyetu vitano vya kupuliza: kila kimoja na sauti yake moja tu, na wimbo haupatikani mpaka vyote vipokezane. Tangu ngiri yangu ianze kushuka kila nilipopuliza, wenzangu walicheza na vinne, miaka mitatu mizima. Wimbo ukawa kama mdomo wa kibogoyo. Cha baba kikaning'inia ukutani, nami nikawa napita sebuleni nikitazama pembeni. Baba aliniachia sauti moja tu, na hiyo nayo ilikuwa inanifia mkononi.

Sasa nikiri. Mwaka juzi ulinipigia simu ukafoka ati nisikubali kushonewa tumboni kitambaa cha chandarua kuzibia ngiri, nisubiri utaniletea wavu wa huko. Nilikujibu sawa. Haikuwa sawa. Siku chache baadaye ngiri ilikwama asubuhi nzima, nikagaagaa chini mpaka iliporudi, shemeji yako Nangobi analia. Nikaona nikikungoja wewe, utakuja kunizika. Januari mwaka jana nikaenda hospitali, na shemeji yangu Magumba, naye mpuliza kibuyu, naye ana ngiri, ila yake ilikuwa haijamzuia kupuliza.

Pale walikuwa wanapima jambo. Wagonjwa wengine watiwe wavu wa dukani unaotengenezewa madaktari, wengine kitambaa cha chandarua, kwa kura. Mgonjwa haambiwi kapata upi mpaka mwaka uishe, ili asijisikie mgonjwa kwa mawazo tu.

Basi Nangobi, kusikia hivyo, akakivua chandarua cha kitandani kwetu, akakifua mara mbili, akakipiga pasi, akakifunga pamoja na sabuni na unga wa kwenda nao hospitali. Akampa nesi. "Kura ikiangukia chandarua, mtieni hiki. Hiki najua nani amelala ndani yake." Kimfaacho mtu chake, au siyo?

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamweleza kwa upole, "Mama, hiki kina dawa ya kuua mbu, hakiingii mwilini mwa mtu. Chetu hakijawahi kutiwa dawa, tunakikata kama kiganja, tunakipika kwa mvuke, tunakifunga. Hiki mrudishie mbu."

Swali lako la kwenye simu sikulidharau. Nilimuuliza Daktari Muzaale vilevile ulivyouliza wewe, kwamba je, sisi ndio wa kujaribiwa vitambaa kwa sababu hatuna kitu? Hakukasirika. Alisema ndiyo maana wanahesabu kila kidonda na kila maumivu, na chandarua kikionekana kibaya zaidi wanaacha siku hiyohiyo. "Mzee, ingekuwa mimi ndiye mwenye ngiri, ningechukua chochote kitakachoangukia kura." Nikamtazama machoni, nikatia sahihi.

Nilitiwa ganzi kiunoni, nikawa nasikia wanavyoongea, ila walinitundikia shuka mbele nisione kitu. Magumba alifuata mchana. Tangu siku ile hakutupa raha. Eti yeye tumbo lake linamwambia lina wavu wa dukani, kitu cha Ulaya. Vilabuni anapiga makofi mbele ya uso wangu, "Samahani shemeji, niliona mbu anakuja kulala kwako." Nikamwachia. Nami moyoni niliamini hivyohivyo, kwamba nina chandarua, na niliogopa kisije kikachanika.

Ndiyo maana siku ya harusi, tulipoingia uwanjani na vibuyu, nilipuliza kwa kunyatia. Sauti ikatoka kama ya kifaranga. Wenzangu wakanikodolea macho huku wakizunguka. Nangobi akaacha wageni wake akanijia sikioni. "Puliza, mume wangu, au ukirudishe ukutani, tujue moja."

Nikapuliza. Batambuze, nilipuliza hadi kinena kikakaza na jasho likaingia machoni, nikingoja kitu kichanike. Hakikuchanika kitu. Wimbo ukakamilika, wazee wakanyanyuka vitini, Kagoya akaja kucheza na gauni lake jeupe vumbini. Nililia, sikufichi.

Jumatatu tulikwenda kukaguliwa, mwaka umetimia. Daktari akatubonyeza, akatukohoza, akasema tumepona sawasawa, kisha akafungua karatasi. Mimi ni chandarua. Na Magumba? Chandarua! Tulipofika kwangu akauliza kama nitawaambia watu. Nimekwishawaambia.

Nisamehe kwa kukudanganya, ila mdharau mwiba mguu huota tende. Wavu wako wa huko mpe mwenye shida.

Nangobi anakusalimu, na Kagoya na mumewe, na Magumba akiwa amenuna. Mungu akulinde na baridi, akurudishe kwetu Desemba. Chandarua alichokikataa nesi kimetundikwa juu ya kitanda chako. Utalala ndani yake, na kukicha tutakupulizia vibuyu vyote vitano. Utafute kwa masikio yako lilipokuwa lile pengo langu.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ndani na nje ya chandarua,
Ezra Mugoya