Shati Lisilo na Uzi Mwekundu

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto. Sisi tunapumua, ingawa joto la mwaka huu halina adabu. Cherehani nimeihamishia mlangoni. Nashona alfajiri hadi saa tano, nafunga, kisha nafungua saa kumi jua likipoa. Mchana mtaa mzima hulala.

Isipokuwa shemeji yako. Nilikuandikia, ukanijibu niache kumchimba. Lakini kaka, mwanamume gani anatoka saa saba, jua la utosini, anarudi saa nane mkavu, ananukia sabuni isiyo ya kwetu? Nilipomuuliza alisema alikwenda ufukweni kupunga upepo. Upepo wenye sabuni! Nikasema dalili ya mvua ni mawingu.

Mimi fundi, nikamtegea kifundi. Nilitia uzi mwekundu ndani ya kola ya shati lake jeupe. Jumatatu alirudi na shati jeupe, uzi hamna. Sikula siku hiyo. Nilifunga nguo zangu sandukuni, na Jumanne nikamfuata nyumanyuma, mkasi mkononi.

Alipita mitaa miwili, akaingia kwa Baba. Nikasema kumbe hata mzee anamfichia huyo mwanamke. Nikasikia maji bafuni, nikausukuma mlango kwa bega.

Hapa ndipo nakuungamia, kaka. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, uchi, mume wangu akimsugua mgongo. Mikono ya Baba haiwezi tena kuinua kopo la kuogea, nami kila asubuhi nikimpelekea chai nilimsifu kwa usafi. Alikuwa amemwapisha mkwewe asiniambie, kwa kuwa mimi ni binti. Na mume wangu akilowa huvaa shati la Baba, nililolishona mwenyewe kwa kitambaa kilekile.

Baba alijifunika uso kwa viganja. Tangu siku hiyo amejifungia. Chai huipokea dirishani, lakini hataki kuogeshwa na mtu, leo siku ya tano, na joto ndilo hili. Nimeona haya mpaka sindano inanidondoka.

Mume wangu hakunigombeza. Saa saba huenda na ndoo, hubisha, hukaa kizingitini. Saa nane hurudi ananukia jasho.

Wewe ni mwanawe wa kiume, labda atakufungulia. Njoo. Mimi sitakanyaga uani kwake mpaka aniite.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Mkasi